Nora Roberts alianzaje na watoto wawili nyumbani?

binti_kisauni

Assalaam aleikum wanajamvi.

Nina swali limenikaa moyoni tangu wiki iliyopita na sina pengine pa kuliuliza.

Mimi ni mkaazi wa Kisauni, mama wa watoto wawili. Mkubwa ana miaka saba, mdogo mitatu na nusu. Saa kumi alfajiri nakanda mahamri, saa mbili yashakwisha mlangoni, mchana nashona madera ya watu, na usiku watoto wakilala naandika. Nina riwaya ya mapenzi. Ni ya msichana auzaye ndimu sokoni Kongowea na kijana fundi wa majahazi wa Mtongwe, na mama wa kijana asiyemtaka yule msichana kwa sababu ninazozijua vizuri sana. Madaftari matatu yamejaa, yale makubwa ya kurasa 200.

Mwaka jana nilijikakamua nikayapeleka saiba yakachapwa, nikatuma kwa mchapishaji mmoja. Nikangoja miezi mitano. Jibu likaja la mistari minne: Kiswahili changu kizuri, kisa kinavuta, lakini riwaya ya mapenzi ya watu wazima haiwezi kuingia darasani, na wao kitabu kisichoingia darasani hakiwalipi. Nililia bafuni watoto wasinione. Tangu siku hiyo daftari la nne liko kabatini, lina kurasa sita tu.

Sasa wiki iliyopita niko kwenye matatu naelekea Bamburi, dada aliyekaa kando yangu asoma kitabu cha Nora Roberts. Tukazungumza. Akanambia huyu mama alianza kuandika siku theluji ilipomfungia ndani na wanawe wawili wadogo, na leo dunia nzima yamsoma. Nilishuka kituo changu sijamaliza kumuuliza.

Ni kweli? Siitaki ile habari ya kutia watu moyo inayozunguka kwenye simu. Nataka kujua alivyofanya hasa. Aliandika saa ngapi? Alikataliwa? Na watoto walikuwa wapi wakati akiandika? Mwenye kujua anijuze, kwa hisani yenu.

bi_wa_mwembetayari

Wa aleikum salaam mwanangu. Naandika kwa simu na macho yangu hayana tena kasi, kwa hivyo utanivumilia nikirefusha. Swali lako siwezi kulipita. Nilikuwa na meza ya vitabu vikuukuu Mwembe Tayari, upande wa mabasi ya Nairobi, kwa miaka ishirini na mbili, na katika miaka hiyo hakuna mwandishi aliyenilipia karo za watoto kama Nora Roberts.

Vitabu vyake nilivipata kwa njia mbili. Vingine vilikuja na magunia ya mitumba. Vingi zaidi viliachwa na wageni mahotelini. Mzungu alala wiki mbili Nyali au Diani, asoma riwaya tatu kando ya bahari, siku ya kuondoka aziacha juu ya kitanda kwa sababu mzigo umezidi. Wale wanaosafisha vyumba wakaniletea. Vilifika na mchanga ndani, na harufu ya mafuta ya kujipaka jua.

Wengi hawakununua. Walikodi. Shilingi thelathini kwa wiki, au waleta viwili wachukua kimoja. Na ukurasa wa mwisho kabisa, chini pembeni, kila mteja alikuwa na alama yake aliyoichora kwa kalamu. Muuguzi mmoja alichora samaki. Karani wa bandarini alichora nanga. Mwalimu wa chekechea aliweka nyota. Hii ilikuwa ili mtu asichukue kitabu alichokwisha kusoma, maana majalada hubadilika na majina husahaulika. Kitabu cha kawaida kilikuwa na alama tatu, nne, mwisho sita. Nilikuwa na kimoja cha Nora Roberts ambacho jalada lilibanduka nikalishona kwa uzi wa magunia na gundi ya unga wa ngano. Kilikuwa na alama kumi na saba, na samaki yumo mara mbili. Nikamuuliza yule muuguzi, mama, umesahau kwamba umeshakisoma? Akanambia, "Sikusahau. Nilikuwa nimewakumbuka."

Kwa hivyo huyo mama nilimtafuta nimjue. Nakwambia niliyoyashika.

Theluji ilikuwepo, naam. Ilikuwa Februari 1979, jimbo la Maryland, Marekani. Jina lake la kuzaliwa ni Eleanor Marie Robertson, kazaliwa mji wa Silver Spring tarehe 10 Oktoba 1950. Ni kitinda mimba wa watoto watano na ndiye msichana peke yake, juu yake kaka wanne. Alisoma kwa masista wa Kikatoliki, na mwenyewe husema nidhamu yake ya kazi kaipata kwao. Aliolewa 1968, ametoka tu sekondari, wakakaa kijiji kimoja kiitwacho Keedysville, wakajaliwa watoto wawili wa kiume. Akawa mama wa nyumbani. Ashona nguo za watoto, afinyanga vyombo vya udongo. Wewe na madera yako hapo hamko mbali.

Basi tufani ya theluji ikaja. Chekechea ya mwanawe ikafungwa, asubuhi baada ya asubuhi. Yuko ndani na watoto wawili wasioweza kutoka kucheza, na chokoleti yamwishia. Akachukua daftari na penseli, akaanza kuandika kisa kilichokuwa kichwani mwake.

Watu wote huishia hapo, na hapo ndipo wanaponiudhi. Wasimulia theluji kana kwamba theluji iliandika vitabu. Mwanangu, theluji iliyeyuka. Chekechea ikafunguliwa, barabara zikapitika, na yeye akaendelea kuandika. Hakuna aliyemfungia tena ndani. Aliandika mswada wa kwanza, akaandika wa pili, akafika sita, na katika hiyo sita hakuna hata mmoja uliokuwa umechapishwa. Sisi huku masika yatufungia kila mwaka, Mei maji yajaa Kisauni mpaka watoto hawaendi shule. Ingekuwa kufungiwa ndiko kunakoleta riwaya, mtaa wako ungekuwa na waandishi elfu.

Umeuliza kama alikataliwa. Alikataliwa, tena zaidi ya mara moja. Miswada yake aliipeleka Harlequin, kampuni ya Kanada iliyokuwa ndiyo mlango mkuu wa riwaya za mapenzi siku hizo. Ndiyo iliyoinunua Mills & Boon ya Uingereza mwaka 1971, wale ambao vitabu vyao vyembamba kila nyumba ya Mombasa yenye dada mkubwa ilikuwa navyo chini ya godoro. Wakamrudishia. Akapeleka tena, wakamrudishia. Mwisho mswada ukarudi na kikaratasi cha upole: kazi yako yaonyesha matumaini, hadithi yaburudisha na imeandikwa vizuri, ila sisi mwandishi wetu wa Kimarekani tunaye tayari.

Mmoja! Nchi nzima ile, mwandishi mmoja awatosha.

Isome tena barua yako na uiweke kando ya hiyo. Wewe umeambiwa Kiswahili kizuri na kisa kinavuta. Yeye aliambiwa hivyo hivyo. Kisha wote wawili mkaelezwa habari za rafu ya mchapishaji, kwamba nafasi hakuna. Daftari lako halikuguswa na barua hiyo hata kidogo.

Kilichotokea baadaye ni hiki. Mwaka 1980 Wamarekani wenyewe, Simon & Schuster, wakaanzisha Silhouette, nyumba yao ya riwaya za mapenzi, na wao waliwataka hasa waandishi wa Kimarekani ambao Harlequin haikuwa na haja nao. Yeye alikuwa tayari. Hapo ndipo ile miswada ya nyuma yafaa kitu: mlango ulipofunguka hakuanza kutafuta kalamu. Mwaka 1981 ukatoka Irish Thoroughbred, kisa cha msichana wa Ireland anayekwenda kufanya kazi shamba la farasi huko Maryland. Kati ya 1982 na 1984 Silhouette ikamtolea vitabu 23. Na mwaka huo wa 1984 Harlequin ikainunua Silhouette, kwa hivyo wale waliomwambia hawana nafasi wakajikuta ndio wenye vitabu vyake. Mwenyezi Mungu hana haraka.

Sasa watoto, maana hilo ndilo uliloliuliza kwa uchungu, nimelisikia. Mwanzo aliandika wakiwa wamelala au wako shule. Wakikua akawawekea sheria: nikiwa kwenye kazi msinite mpaka kuwe na damu au moto. Hakuwa na mtu wa kumwandikia wala hakungoja nyumba itulie. Ndoa ile ya kwanza ilivunjika, akabaki na wanawe na vitabu. Baadaye akaita seremala amtengenezee rafu, wakapendana, wakaoana 1985, na mpaka leo wako pamoja.

Mpaka leo pia huandika kama mtu wa ofisi, yapata saa nane kwa siku. Kisa hakipangi kwanza. Huandika kutoka mwanzo hadi mwisho bila kurudi nyuma kusahihisha, kisha ndiyo arudi ukurasa wa kwanza, aijaze nyama na kuirekebisha, kisha arudi tena. Yeye husema ukurasa mbaya waweza kutengenezeka, ukurasa mtupu hautengenezeki. Ameshapita riwaya 200.

Nawe una kurasa sita kabatini. Zitoe.

maalim_tudor

Shikamoo Bi wa Mwembe Tayari. Mimi ni mmoja wa wale vijana waliokuwa wakija mezani kwako kununua vitabu vya mitihani, na macho yakikimbilia upande ule mwingine.

Naongezea tu, kwa faida ya binti. Huyo mwandishi Mmarekani mmoja ambaye Harlequin walisema wawatosha, aliitwa Janet Dailey. Alikuwa mkubwa wa zama zake. Mwaka 1997 msomaji mmoja wa kawaida alisoma riwaya ya Nora Roberts kisha papo hapo akasoma ya Dailey, akaona mafungu ya maneno yafanana. Akayaweka yote mawili kwenye intaneti, bega kwa bega, kila mtu ajionee. Dailey akakiri hadharani kwamba aliiba maneno, akaomba radhi. Kesi ikamalizwa kwa maelewano mwaka uliofuata, na fedha Nora Roberts akazielekeza kwa mashirika ya kuwafundisha watu kusoma.

Nimefundisha fasihi miaka mingi, na jambo hili huwa nawasimulia wanafunzi wangu. Mwizi hakukamatwa na profesa wala mhariri. Alikamatwa na mtu aliyevipenda vitabu hivyo kiasi cha kujua sauti ya mwenyewe. Hizi riwaya ambazo wasomi huzipita kwa dharau zina wasomaji makini kuliko wanavyodhani.

La pili ni jina la J.D. Robb. Kufika miaka ya 1990 kasi yake ilikuwa imewashinda wachapishaji. Hawakuweza kutoa vitabu vyote kwa jina moja. Akakubali jina la kubuni, herufi mbili za mwanzo kutoka majina ya wanawe, Jason na Dan, na Robb ikakatwa kwenye jina lake mwenyewe. Cha kwanza kilitoka 1995, kisa cha Eve Dallas, mwanamke mpelelezi wa polisi katika jiji la New York la mwaka 2058. Ni upelelezi na mapenzi pamoja, na mfululizo huo umeshapita vitabu hamsini.

Binti, kuhusu wewe: fundi wa majahazi wa Mtongwe mimi nimeshataka kumjua. Huoni kwamba umetuambia mistari miwili tu na tayari tuna swali kuhusu mamake?

wa_likoni

Niko kwenye foleni ya feri, naandika upesi.

Bi, nakuheshimu, na hadithi umeisimulia vizuri mno. Lakini tusimdanganye dada yetu. Marekani ya 1981 mwanamke aliingia dukani kununua mkate akatoka na riwaya mkobani, vitabu vipya kila mwezi, bei ndogo. Sisi kitabu kipya cha shilingi 600 ni unga wa siku ngapi? Hata huyo Nora angezaliwa Mtongwe, angeandika miswada sita akaikalia. Mchapishaji aliyemjibu dada hakukosea hesabu zake. Huku kitabu cha Kiswahili kinaishi kwa shule. Kisipoteuliwa, kinakufa.

Mimi namshauri asahau wachapishaji kabisa. Niko kwenye kundi moja la WhatsApp, mwandishi ni dada wa huku huku Pwani, hutoa kisa chake vipande vipande. Sehemu tano za mwanzo ni bure. Kuanzia ya sita watuma shilingi 50 kwa M-Pesa kwa wiki. Mke wangu ndiye aliyeniingiza. Sasa Alhamisi usiku sote wawili twangoja simu ilie. Juzi yule mwandishi alichelewa, mwanawe alikuwa mgonjwa, na watu mia na zaidi wakawa wanamwombea dua mtoto na wakati huo huo wauliza, je, Saumu amekubali posa?

Feri imefika.

bi_wa_mwembetayari

Marahaba maalim. Nakukumbuka kwa miwani.

Wa Likoni, umesema kweli na siikatai. Ila niangalie mimi. Miaka ishirini na mbili nimelisha watoto wanne kwa watu ambao kila mtu alisema hawanunui vitabu. Hawakuwa na 600. Walikuwa na 30, na walikuja nayo kila wiki, mvua na jua. Wale wahudumu wa feri unaopita mbele yao sasa hivi, mmoja wao mamake alikuwa na alama ya kengele. Hilo kundi lako la shilingi 50 ni meza yangu ile ile, imehamia kwenye simu. Kwa hivyo mimi na wewe twasema jambo moja. Lakini kwa meza au kwa simu, lazima kisa kiwe kimeandikwa, na cha huyu mtoto kiko kabatini.

Binti, sasa nakupa nililolijua mimi mwenyewe, halikutoka Marekani.

Kitabu kikirudi nilikuwa nakifuta kwa kitambaa kabla sijakipanga. Baada ya miaka nikaanza kuona kitu. Kuna kurasa zilizorudi safi, nyeupe, kana kwamba hakuna aliyezishika. Na kuna kurasa zenye bizari. Dole gumba la manjano pembeni, au tone la mafuta ya viazi, au duara la kikombe cha chai. Nikawa nazisoma hizo kurasa, nijue kwa nini mtu hakuweza kukiweka kitabu chini hata samaki akikaangika.

Kurasa safi zilikuwa za mandhari. Milima, mapazia, nguo za tajiri, rangi ya jua likizama. Watu walizipitia upesi. Kurasa za bizari zilikuwa za majibizano. Wale wawili wamesimama jikoni au kwenye zizi la farasi, wagombana, na kila mmoja amependa na hataki kusema. Nora Roberts hapo ndipo mwenyewe. Watu wake hujibizana haraka, mwanamke ana kazi yake na ulimi wake, hakai akingoja kuokolewa. Vitabu vyake vilirudi na bizari kutoka mwanzo hadi mwisho.

Ndiyo maana yule muuguzi wa samaki alimjua hata kwa jina jingine. Mimi J.D. Robb nilimweka upande wa upelelezi, pamoja na vitabu vya wanaume, zaidi ya mwaka mzima. Siku hiyo akaja ametoka zamu ya usiku, amechoka, akachukua kimoja kwa sababu upande wa mapenzi ulikuwa hauna kipya. Jumatano akarudi nacho. "Huyu ni yule yule," akanambia. Nikamwonyesha jina. Akasema, "Jina sijui. Lakini tazama mke na mume hawa wanavyojibizana. Ni yule yule." Tukahamisha vitabu siku ile ile, wateja wakasaidia kubeba.

Na jambo jingine. Kuna mteja alinirudishia riwaya ya mtu mwingine, sitamtaja, akakitupa mezani kwa hasira. Mwishoni yule mwanamume alikufa. Alisema, "Nimelipa thelathini nikalie? Kulia nalia bure nyumbani." Wasomi hucheka kwamba riwaya hizi mwisho wake wajulikana. Wale wanawake hawakutaka kubahatisha mwisho. Walikuwa wakiingia zamu saa moja usiku, mume yuko Saudia mwaka wa tatu, mtoto ana pumu. Kitabu kiliwaahidi kwamba wawili hawa watafika, na wao wakasoma kwa utulivu njia waliyopitia. Mwandishi akiivunja ahadi hiyo amewachukulia thelathini yao. Huyo wako wa ndimu na fundi wako, mwisho wapatane. Mama wa kijana umfanye mgumu utakavyo, umpe na haki yake pia, lakini wapatane.

Nina boksi mbili zilizobaki hapa nyumbani Makadara, sikuweza kuziuza nilipofunga meza. Kile chenye alama kumi na saba kimo. Njoo Jumamosi baada ya adhuhuri, uje na madaftari na watoto. Wajukuu wangu wapo, watacheza, nasi tutasoma kwa sauti. Ukijisomea kwa sauti utasikia wapi kisa kinalala. Nitakutumia maelekezo faraghani.

maalim_tudor

Mkikubali mgeni wa tatu, nitaleta kalamu nyekundu na kaimati. Kalamu nitaiacha mfukoni mpaka niombwe.

binti_kisauni

Nimesoma majibu yenu mara tatu. Mara ya kwanza nikiwa nakanda unga, simu imeegemea kopo la hiliki, mpaka skrini ikajaa unga.

Wa Likoni, nimemtafuta yule mwandishi wa Alhamisi, wifi yangu yumo kundini kwake, kumbe. Ameniingiza. Nimesoma sehemu tano za bure na nimelipa hamsini. Saumu bado hajakubali posa.

Bi, sijui nikushukuruje kwa ile habari ya kurasa za bizari. Nilienda nikayafungua madaftari yangu kwa jicho hilo. Daftari la kwanza nimeanza na machweo ya Kongowea, kurasa nne, na nilijivunia sana zile kurasa. Msichana hajasema neno mpaka ukurasa wa tano. Jana usiku stima zilipotea kuanzia saa mbili, watoto wakalala mapema kwa joto na kiza, nikawasha tochi ya simu na kuanza upya. Sasa riwaya yaanza yeye akimwambia fundi, "Ndimu zangu hazibonyezwi kabla ya kununuliwa," na fundi hana hela ya kununua hata moja. Nimeandika kurasa kumi na moja. Nilishangaa kuona mafuta ya tochi yamekwisha, yaani chaji, na bado mkono wataka.

Kuna jingine. Kwa sababu ya maneno yako nilimpa wifi yangu daftari la pili alisome. Huyu hasomi vitabu, husema vyamletea usingizi. Leo asubuhi nimelikuta juu ya friji, limefungwa kwa heshima. Nikapekua. Ukurasa wa 83 una mafuta, dole zima, na chini kuna chembe ya kitunguu imekauka. Ni pale mama wa kijana anapokuja sokoni kujifanya mnunuzi, amwangalie yule msichana bila kujijulisha, na msichana amemjua tangu alipovuka barabara. Ukurasa ule nilikuwa nimeuandikia "futa" kwa penseli kwa sababu niliona ni mazungumzo matupu.

Sijaufuta. Nimemuuliza wifi, amesema nisimsumbue, nimpe la tatu.

Jumamosi nitakuja inshallah, na watoto, na mahamri ya saa saba ili yawe moto. Maalim, karibu na kalamu yako, naomba tu usianze na daftari la kwanza.